Benchi la Waliokuja Bila Waume

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilianzia kwenye benchi. Lilikuwa nje ya zahanati ya kijijini kwetu, kaskazini mwa Kilwa Masoko, na kila mjamzito alijua kwamba ncha zake mbili hazikuwa sawa kwa heshima. Aliyekuja kliniki na mumewe aliketi karibu na mlango, akaitwa kwanza. Aliyekuja peke yake aliketi ncha ya mbali, akasubiri mpaka jua limfikie miguuni. Agizo hilo lilitungwa kwa nia njema, ili wanaume wavutwe kuja kupima virusi vya Ukimwi pamoja na wake zao. Lakini waliolitunga hawakuzingatia dago, yaani kambi wanazohamia wavuvi wetu msimu mzima, mbali na nyumba zao.

Dada yangu Zuhura aliketi ncha ya mbali. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, na mumewe, Shomari, alikuwa dago upande wa Songo Songo. Mimi nilikuwa likizoni kutoka chuo cha ualimu, nikamsindikiza. Alipotoka chumba cha nesi tukarudi nyumbani. Hapo akaniambia kwamba amekutwa na virusi, na kwamba nesi amemtaka arudi na mumewe ndipo waanzishiwe dawa wote wawili.

“Nikimwambia, nimeachika,” alisema. “Nisipomwambia, mtoto huyu ataambukizwa. Sasa nifanye lipi?”

Hofu yake haikuwa ya kubuni. Kwa kuwa kliniki iliwapima wanawake kwanza, wao ndio walioonekana kuwa chanzo cha maradhi. Mwanamume asiyekanyaga zahanati alibaki safi machoni pa watu.

Zuhura mwenyewe ndiye aliyeomba aitiwe somo wake, Bi Tatu, aliyemfunda alipokuwa mwali. Ninyi vijana mnadhani kazi ya somo ni kufundisha kucheza ngoma, kisha anapewa kanga yake na kwenda zake. Sivyo. Kwetu somo humkabidhi binti kwa mumewe na hubaki na haki ya kuingia kati yao mahali ambapo hata mama mzazi huona haya kuingia. Bi Tatu aliitumia haki hiyo kwa namna ambayo hadi leo sijaona mfano wake.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu. “Ukimwambia, atakupiga?”

“Hajawahi, somo. Lakini na mimi sijawahi kumpa habari kama hii.”

Kesho yake asubuhi tukaenda zahanati. Nesi alikuwa binti wa watu wa bara, mchapakazi, mwenye adabu. Alifunga mlango na kumwamkia Bi Tatu shikamoo.

“Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, mtoto aliye tumboni mwa huyu naye yuko dago?”

“Hapana, bibi.”

“Basi dawa yake inamngoja nani?”

Nesi akatazama meza. “Bibi, tumeagizwa tuwahimize waume.”

“Wahimize! Mimi nitakusaidia kuwakamata, maana wengine nilishawaogesha wakiwa wachanga, hawanitishi. Lakini mke asishikwe rehani mpaka mume aje.”

Hapa, mwanangu, nataka umheshimu nesi pia. Angeweza kujikinga kwa cheo chake na kututoa nje. Hakufanya hivyo. Alifungua kabati na kumpa Zuhura dawa asubuhi ileile, akamweleza namna ya kuzimeza bila kukosa. Tangu siku hiyo, kabla ya kumuuliza mwanamke yeyote mumewe yuko wapi, alimuuliza faraghani swali alilofundishwa na Bi Tatu: ukimwambia, utakuwa salama? Na benchi nalo likabadilika. Akawa anaitwa kwanza aliyefika kwanza.

Shomari aliporudi, Bi Tatu alimwambia dada, “Siri ni yako. Niseme mimi, useme wewe, au tunyamaze kwanza?”

“Nitasema mwenyewe. Wewe uwepo tu.”

Akamwambia mumewe yote. Shomari akasimama ghafla. “Kumbe ndiyo zawadi uliyoniwekea! Mimi nahangaika dago, wewe huku unaniletea maradhi?”

“Kaa chini, bwana harusi,” alisema Bi Tatu. “Umejuaje kwamba ni yeye aliyeyaleta?”

“Si ndiye aliyepimwa!”

“Mkeo amewasha taa akaona nyoka chumbani. Sasa unamshitaki kwamba ndiye aliyemfuga? Na huko dago mnalala na nyavu peke yake? Nikuulize zaidi, au inatosha?”

“Inatosha, Bi Tatu.”

Shomari akakaa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, “Na mimi je?”

“Na wewe utapimwa. Na baada ya hapo asiulize mtu nani alianza. Swali hilo halina dawa. Mengine yote yanayo.”

Alipimwa, naye akakutwa na virusi. Kuanzia hapo namsifu shemeji yangu bila kusita. Alikwenda kliniki na mkewe kila alipokuwa pwani, akaketi katikati ya wajawazito akisubiri zamu yake. Wenzake wakipita hawakumwacha.

“Shomari, mimba ya miezi mingapi?”

“Mapacha hawa! Niombeeni nijifungue salama. Nanyi njooni, nafasi ipo.”

Walicheka, lakini baadaye mmoja alikuja, kisha mwingine. Nesi akatambua kwamba walichokuwa wakikiogopa ni benchi la wanawake zaidi ya sindano, akaanza kuwapimia karibu na mnada wa samaki, Ijumaa baada ya sala. Shomari akawa anakwenda dago na kopo la vidonge kando ya ndoana zake, bila kuficha.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Alipimwa, akapimwa tena alipoacha kunyonya: hana virusi. Mwaka huu amechumbiwa. Bi Tatu ameshatangulia mbele ya haki, na kazi ya usomo imeniangukia mimi. Yamo haya katika ninayomfundisha binti huyo, kwa ridhaa ya mama yake, ambaye ndiye pia aliyeniruhusu kuyaandika. Mchumba wake aliponijia kwa adabu zake zote, nilimwambia waende kupima pamoja, siku moja na saa moja, pasiwe na wa kwanza. Walikwenda.

Basi shika haya, mwanangu. Ukiwa mume, usimwachie mkeo peke yake kubeba habari inayowahusu nyote wawili. Ukiwa mke, afya yako haihitaji idhini ya mtu. Ukipewa zahanati uiongoze, tazama nani anaketi ncha ya mbali na kwa nini, kabla hujajisifu kwamba mlango uko wazi. Na ukimpenda mtu, tanguliza usalama wake mbele ya lawama yako.

Mola akujaalie mwenzi wa kuketi nawe benchi moja, akupe ulimi wa Bi Tatu siku ya haki na masikio ya yule nesi siku ya kukosolewa. Amina.