Siku Niliyomkalia Mkwe

Jamani, bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaonyeshwa ile video: ndiyo, ni mimi, baba mzazi wa bibi harusi, niliyemkalia mamake bwana harusi mapajani mbele ya wageni wote.

Daktari alikuwa amenianzishia dawa ya presha, zile tembe za kutuliza moyo, maana hata kifua kilikuwa kinanibana kila nikipanda kilima kwenda kwa shamba letu la chai kule Shinyalu. Zilinisaidia kweli, kilima nikawa nakipanda nikipiga mluzi, ila zilinifanya mzito kidogo (vidole baridi, miguu kama imejaa mchanga), na harusi ya binti yangu Linet ilipokaribia nikajiuliza, mzee mzima, utacheza ngoma yetu ya isukuti na miguu hii? Nikaziacha kimyakimya, hata mama Linet sikumwambia.

Siku yenyewe ngoma zikalia, nami nikaingia katikati na mabega yangu (mabega ninayo, msinicheke), watu wakapiga vigelegele, nikaongeza, wakaongeza, na ghafla kifua kikakamatwa kama mtu amekikalia, mkono wa kushoto ukafa ganzi, nikarudi nyuma kutafuta kiti, nikakaa. Kumbe kiti kina mtu! Wapiga ngoma wakadhani ni mtindo mpya, wakazidisha.

"Mkwe, inuka, watu wanaangalia!" mama wa watu ananong'ona, mimi jasho linatiririka, siwezi hata kujibu. Ni yeye aliyeniangalia usoni akapiga kelele, "Nyamazisheni ngoma! Huyu hachezi, anakufa!"

Hospitalini daktari aliponituliza aliniuliza kuhusu dawa, nikaangalia dari. "Mzee," akasema, "hii dawa inaushika moyo upige polepole, bila nguvu nyingi. Ndiyo presha inashuka, na moyo unatosheka na ile damu kidogo inayopita kwa mishipa iliyobana. Ukiiacha ghafla, moyo unatoka mbio kama fahali aliyekata kamba. Ikikuchosha, njoo uniambie, tutapunguza polepole."

Mama Linet alilia tu. Hapo ndipo nilipoogopa kabisa.

Sasa namezanga kila asubuhi akinitazama, na sitaacha tena kwa akili yangu mwenyewe. Na yule mkwe akitutembelea kutoka Chekalini, hata mkono hanipi kwanza. Anasimama mlangoni, anauliza kwa sauti majirani wasikie: "Mkwe, umemeza? Ama nikae mbali?"