Tyubu Niliyoitafuta kwenye Trekta la Nyasi

Jambo hili nimelikalia miaka mingi, na mtu akilitaja mbele yangu humkazia macho mpaka anyamaze, lakini kwa kuwa kila mmoja hapa kijijini ana namna yake ya kulisimulia, na katika masimulizi yao mimi nazidi kuwa mjinga mwaka hadi mwaka, nimeona bora nilieleze mwenyewe, ujinga wangu ubaki uleule uliotokea, usiongezwe chumvi.

Tulikuwa na trekta dogo la kukata nyasi. Msishangae. Kulikuwa na daktari wa Kizungu aliyekaa upande wa Maruku, na alipoona vita inakuja alipanda gari na mkewe na mbwa wao, na marehemu mume wangu, aliyekuwa akiwatunzia bustani, akaachiwa lile trekta (yule mama alilia sana siku ile, nikadhani anatulilia sisi, kumbe analilia maua). Tuliliita Akabuzi, yaani mbuzi mdogo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kula majani. Vita ikaisha, mume wangu akafa kwa uzee (nasema kwa uzee kwa sababu miaka ile mtu akifa watu walikuwa na maswali), halafu mwanangu na mkewe wakafuatana kwa ugonjwa ule ambao mwanzoni tuliuita Juliana, kabla hatujajua ni ukimwi, nikabaki na mjukuu wangu Kemilembe, na Akabuzi.

Kemilembe alipopata mchumba, kijana wa Kilutheri wa huko Muleba, nilifurahi kisha nikaogopa. Nyumba iliyozika baba na mama kwa ugonjwa ule ilitazamwa kwa jicho la pembeni, na binti wa nyumba hiyo watu walimpima kwa macho toka kichwani mpaka miguuni wakitafuta mahali alipokonda. Baba wa kijana akatuma neno kwamba Jumamosi atakuja mwenyewe aione nyumba, ndipo aseme ndiyo au hapana. Basi nikataka akute nyumba iliyosimama. Makaburi yako pale migombani, hayo siwezi kuyaficha wala sitaki, lakini nyasi za mbele nilitaka ziwe sawasawa kama za misheni, ajue hapa kuna watu wanaoamka asubuhi.

Ijumaa nikamwendea Akabuzi, nikakuta tairi la nyuma limelala.

Kemilembe akasema, "Bibi, niletee fyekeo. Mpaka jioni nitakuwa nimemaliza."

Ningemsikiliza, leo nisingekuwa naandika. Nikamwambia, "Fyekeo ni la watu wasio na trekta."

Kuziba pancha nilikuwa najua. Baiskeli ya mume wangu nimeiziba tangu nikiwa kijana: unafungua tairi, unavuta tyubu, unajaza upepo, unaitia majini, panapotoa mapovu ndipo penye tundu, unakwangua, unapaka gundi, unabandika kiraka, kazi imekwisha. Nikasema trekta ni baiskeli iliyonenepa. Tukaliinua kwa mtarimbo, tukaweka gogo chini, tukalifungua lile tairi, na kulitoa kwenye rimu ilikuwa kazi ya kukata roho, mimi nimelikalia kama kigoda na Kemilembe analirukia kwa miguu miwili, mpaka likaachia. Nikaingiza mkono nivute tyubu. Hakuna. Nikauzungusha mkono upande wa kulia, nikauzungusha kushoto, mkono ukanirudia mtupu na vumbi lake.

"Hebu angalia wewe mwenye macho," nikamwambia.

"Hakuna kitu, Bibi."

"Angalia vizuri."

"Bibi, hili ni tairi, si ghala. Nikisema hakuna, hakuna."

Sasa elewa hali ilivyokuwa. Tyubu miaka ile ilikuwa mali. Tangu vita, madukani kulikuwa na rafu na vumbi, mtu alikuwa anajaza nyasi kavu ndani ya tairi la baiskeli ili afike sokoni. Na wiki ileile kuna mtu mmoja tu aliyelishika trekta langu, naye ni jirani yetu Mutalemwa, aliyeliazima akakate nyasi za kanisani, na wiki ileile baiskeli ya Mutalemwa ilikuwa imepata tyubu mpya. Nikaunganisha. (Tyubu ya trekta haiwezi kuingia kwenye baiskeli, hilo nilijua, lakini nikasema ameipeleka visiwani kwa wavuvi, wao huzipenda za kuelea nazo, wakampa hiyo ya baiskeli.) Nilipomaliza kuunganisha sikuwa na shaka hata punje.

Kemilembe akanishika mkono. "Bibi, Ta Mutalemwa ndiye mshenga wangu. Ni baba mdogo wa mchumba wangu. Kesho yeye ndiye anawaleta."

"Mwizi hana cheo," nikasema.

Nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, na sikwenda kimya. Kila niliyempita njiani nilimwambia, hata wasiouliza, kwa hiyo balozi alipofika kwangu na Mutalemwa nyuma yake, uwanja ulikuwa umejaa kama siku ya mnada. Mutalemwa ni mtu mrefu mpole. Aliliangalia lile tairi lililofunguliwa, akaniangalia mimi.

"Ma Kokwijuka, mimi nilikata nyasi tu, waitu. Matairi sikuyagusa," akasema, na ile "waitu" yake ilikuwa ya heshima.

"Na hiyo iliyoko kwenye baiskeli yako ilidondoka na mvua?"

"Nimeletewa na shemeji yangu."

"Wezi wote wana shemeji," nikasema, na watu wakacheka, na mimi kile kicheko kikanipa nguvu. Nikamwambia balozi, "Fungueni tairi la pili. Mtaona tyubu yake ilivyo, ndipo mtajua ameiba kitu gani."

Vijana wakalifungua. Walipobonyeza pale pa kujazia, upepo ukatoka kwa kishindo, psss, ukamrukia balozi usoni. Wakalibandua kwenye rimu. Nikaingiza mkono mbele ya watu wote, kwa maringo, kama mtu anayetoa samaki kwenye mtego. Hakuna.

Hapo nilichanganyikiwa. Lakini mdomo wangu haukusubiri kichwa, ukasema, "Mnaona? Ameiba mbili."

Mke wa Mutalemwa, Adela, alikuwa amesimama kwenye mibuni amefunga mikono. Akasema polepole, "Ma, huo upepo uliotoka sasa hivi, mume wangu aliuacha umekaa ndani ya nini, kama tyubu aliichukua?"

Swali hilo nililisikia. Nililisikia vizuri kabisa, na badala ya kukaa chini nikasema fungueni la tatu. Balozi akasema, "Mama, tupumzike kidogo." Nikasema fungueni. La tatu likatoa upepo, hakuna tyubu. Watu sasa walikuwa wameacha kucheka, walikuwa wananiangalia kwa ile huruma ya kumwangalia mtu aliyepandwa na homa. La nne lilikuwa la mbele, dogo, gumu kama jiwe, asubuhi ileile nilikuwa nimelipiga teke kwa mguu wangu. Nikalibonyeza mwenyewe. Likapumua, likapumua, likaisha. Nikaingiza mkono. Nilikaa na mkono wangu mle ndani muda mrefu kwa sababu sikujua nikiutoa uso wangu nitauelekeza wapi.

"Labda," akasema balozi, "limezaliwa hivyo."

Ndivyo lilivyo. Matairi yale hayana mpira wa ndani, tairi lenyewe linashika upepo kwenye rimu, na mimi nilikuwa nimekaa na trekta lile miaka yote hiyo bila kulijua tumbo lake. Watu wakaondoka mmoja mmoja. Mutalemwa aliondoka wa mwisho. Akabuzi akabaki amelala kwenye magogo mbele ya mlango wangu, matairi manne wazi, na nyasi zimemzunguka ndefu kama zilivyokuwa. Kemilembe hakunilaumu. Alichukua fyekeo akaanza kukata, na mvua ikaja.

Jumamosi asubuhi nikaweka kahawa za kutafuna, ambazo kwetu mtu akizipokea ameridhia, kwenye kikapu kidogo, nikaenda kwa Mutalemwa. Wageni hawawezi kuingia bila mshenga, kila mtu anajua, watasimama njiani mpaka wageuke. Nilimkuta anafuta baiskeli yake.

"Ta Mutalemwa, nimekosa."

"Naona," akasema. "Lakini mimi nikiongoza watu kuja kwako, vitu si vitapotea?"

Ilinistahili.

"Ulinitaja uwanjani," akasema. "Unitoe uwanjani. Mbele yao."

Nikamwambia wakijua nilivyo watamkataa mtoto. Akasema, "Wasipojua kwako watajua barabarani. Chagua." Kahawa hakugusa.

Wakaja. Baba wa kijana alikuwa mzee mkavu, koti jeusi, uso umefungwa, na alipofika kwenye kona ya migomba niliona macho yake yakienda makaburini yakikaa pale. Mkewe alikuwa nyuma yake. Mutalemwa aliwasimamisha uwanjani, akaniangalia. Nikasimama kando ya Akabuzi, na hotuba niliyokuwa nimeitengeneza wiki nzima juu ya nyumba yetu ilivyo imara ikanitoka yote.

Nikasema, "Kabla hamjaketi. Jana nilimwita huyu mshenga wenu mwizi mbele ya kijiji. Nilidai ameiba tyubu za trekta hili. Nikafungua matairi yote manne kuzitafuta. Hazikuwahi kuwamo. Ta Mutalemwa si mwizi. Na wale mnaowaona pale migombani ni mwanangu na mkewe, walikufa kwa ugonjwa ule wa Juliana, na binti yao nimemlea mimi mnayeniona hivi."

Mke wa mzee akauliza, "Yote manne?"

"Yote manne."

"Hata baada ya la pili kutoa upepo?"

"Hata baada ya hapo."

Akaanza kutetemeka mabega, akaziba mdomo kwa kanga, akashindwa, akacheka mpaka akalishika trekta asianguke. Mutalemwa akacheka. Mzee mwenyewe hakucheka, ila alimzunguka Akabuzi akalitazama kila tairi, akaingiza mkono kwenye mojawapo, akautoa, akasema, "Kweli hakuna," akaingia ndani akakaa. Kahawa akachukua.

Walisema ndiyo siku hiyohiyo. Mpaka leo sijui kwa nini, na Kemilembe, ambaye sasa ni mama wa watoto wakubwa huko Muleba, nikimwuliza anasema tu, "Bibi, acha." Wala lile tundu la tairi la kwanza sikuliona kamwe. Nami tangu siku ile, kitu kikinipotea, simtaji mtu. Nakaa kwanza nijiulize kama kiliwahi kuwapo.