Saini ya Mama

Wiki tatu kabla ya uchaguzi wa madiwani, Baba aliniita mezani akanikabidhi bahasha tatu za kura. Moja yake, moja ya Mama, moja yangu. Yangu ilikuwa wazi, niijaze mwenyewe kwa kuwa nimesoma. Zile mbili alikuwa amekwisha kuzifunga.

“Zitie posta leo,” akasema. “Na usianze kuwaza.”

Alinijua. Mwaka huo nilihitimu chuo kikuu mbele ya skrini ya kompyuta, sebuleni kwetu Mount Druitt, huku ughaibuni, nikiwa nimevaa joho juu ya suruali ya kulalia. Kazi sikuwa nayo. Kila barua ya maombi niliisoma mara saba kabla ya kuituma, kisha mara saba nyingine baada ya kuituma, nione nimejiharibia wapi.

Masharti ya korona yalikuwa yamelegezwa juzi tu. Baba alituombea sote kura za posta kwa kuogopa msongamano, na zaidi kwa kuogopa faini, maana nchi hii asiyepiga kura hutozwa. Fomu zote za nyumbani zilikuwa zake. Zamani, tulipokuwa Mombasa tukisubiri viza, karani mmoja alikosea tarehe ya kuzaliwa ya Mama, na kosa hilo likatukalisha mwaka mzima. Tangu hapo Baba hakumruhusu mtu kugusa fomu. Alikuwa na kalamu ya wino wa buluu aliyoiweka kwenye kopo la biskuti, nayo pia haikuguswa.

Njiani kwenda posta nikaigeuza bahasha ya Mama. Saini ya nyuma ilikuwa nzuri mno. Jina zima lilisomeka, herufi zimekaa wima, sawasawa na zilivyo kwenye pasipoti yake ya zamani. Lakini Mama hakuwa akisaini hivyo tena. Alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na miezi yote ile ya korona, wenzake wakiugua mmoja mmoja, alisaini karatasi za dawa mara nyingi sana kwa zamu moja, hata saini yake ikachakaa. Ilibaki mikwaruzo miwili na mkia. Mimi niliiona kila siku kwenye vikaratasi alivyobandika jokofuni. Baba, aliyeiiga ile ya pasipoti, hakuwa ameiona.

Nikatumbukiza ya Baba na yangu. Ya Mama nikabaki nimeishika. Nikiituma, nimeshiriki kosa, na adhabu yake nilikwisha kuisoma kwenye simu pale pale kando ya sanduku la posta. Nikimrudishia Baba, nimemwita mwongo. Nikimwambia Mama, nimewagombanisha. Basi nikafanya ninachofanya siku zote, yaani sikufanya chochote. Niliisukuma ndani ya begi langu, na kwa wiki tatu, kila Baba alipofungua kinywa, hata kuuliza chumvi iko wapi, moyo ulinilipuka.

Jumamosi ya uchaguzi Baba alikwenda kazini ghalani tangu alfajiri. Saa tatu asubuhi Mama akatokea jikoni amevaa mtandio wake wa Idi na barakoa mpya.

“Vaa viatu, twende.”

“Wapi?”

“Kupiga kura.”

“Si Baba alikwambia amekujazia?”

“Baba yako kajaza karatasi. Aliyekula kiapo cha uraia ni mimi, hapa hapa jikoni, mbele ya kamera, sufuria ya wali nyuma yangu. Kura yangu ya kwanza nchi hii siwezi kuletewa habari zake kama za jirani.”

“Mama, wakisema umeshapiga?”

“Nitawaambia sijapiga. Si kweli?”

Ilikuwa kweli. Na hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Badala yake nikachukua begi.

Shule iliyofanywa kituo cha kura ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Njia nzima nilipanga sentensi. Nikisema sasa, atageuka nyumbani kwa hasira. Nisiposema, atasimama mbele ya karani akidhani kura aliyojaziwa na mumewe imeshatumwa kwa jina lake, na yeye hasemi uongo hata kwa wanaotupigia simu kutuuzia umeme. Atamtaja Baba. Nikamwona Baba mahakamani, kisha nikajiona nami kando yake, nikieleza kwa nini bahasha ilikaa begini karibu na chaja ya simu wiki tatu.

“Mbona unapumua hivyo?” Mama akauliza. “Una korona?”

“Ni barakoa.”

“Basi ivute chini kidogo, usije ukanizimikia kabla sijafika.”

Tukaskani kwa simu msimbo wa korona mlangoni, wa kuandikisha nani ameingia. Foleni ilisimama juu ya alama zilizobandikwa sakafuni, hatua mbili kati ya mtu na mtu. Mama akafungua mkoba na kutoa kalamu, kwa kuwa tangazo lilishauri kila mtu aje na yake. Ilikuwa ile ya buluu, ya kopo la biskuti.

Karani alikuwa kijana wa rika langu, nyuma ya kioo cha plastiki. Akatafuta jina la Mama, akalipata, akauliza kama amekwisha kupiga kura katika uchaguzi huu.

“Hapana,” Mama akajibu kwa Kiingereza chake cha kazini, kikavu na safi.

“Naona ulitumiwa karatasi za posta. Zilirudishwa?”

Nyuma yetu mtu akakohoa na watu wawili wakasogea kando. Nilimwona Mama akishika ukingo wa meza, na nikajua anavyojibishana na nafsi yake. Akisema hapana, anaamini anadanganya. Akisema ndiyo, anarudi nyumbani na kalamu yake.

“Mimi,” akaanza, “mume wangu…”

“Haikurudishwa,” nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Kisha kwa Kiswahili, “Ninayo, Mama. Sikuitia posta.”

Hakugeuka mara moja. “Iko wapi?”

“Kwenye begi.”

“Tangu lini?”

“Tangu aliponipa.”

“Wiki tatu unanitazama nikila, na unayo?”

Karani akatazama huku na huku. “Kuna tatizo?”

“Hakuna,” Mama akamwambia. “Binti yangu anasema haijatumwa. Iko kwetu. Nitaichana mwenyewe.”

Karani akatoa fomu ya kutamka kwamba hajapiga kura kwa posta. Mama akaisoma yote, mstari kwa mstari, kisha akasaini: mikwaruzo miwili na mkia. Alikaa kibandani muda mrefu. Mimi nilisimama ukutani nimelikumbatia begi langu, kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenzake.

Tulipofika langoni akanyoosha mkono, nikampa bahasha.

Baba aliporudi jioni aliikuta mezani, kando ya kikombe chake. Akaitambua kabla hajakaa. Akanitazama mimi, kisha Mama.

“Nimekwenda mwenyewe,” Mama akasema.

“Wamekuuliza?”

“Wameuliza.”

“Ukawaambia nini?”

“Kwamba sijapiga kura.”

Baba akakaa. Mikono yake ilikuwa bado na vumbi la makatoni. “Niliogopa tu wasije wakakosea tena kwenye fomu yako,” akasema polepole, kisha akaigeuza bahasha. “Hii si saini yako?”

“Ilikuwa.”

Mama akabandua kikaratasi chenye saini yake kwenye mlango wa jokofu, akaiweka kando ya bahasha. Baba akazitazama zote mbili kwa muda mrefu sana. Sijawahi kumwona akisoma kitu kwa uangalifu namna ile, na yeye hata risiti huisoma.

Mama akaifungua bahasha, akaikunjua ile karatasi kubwa ya kura, akapitisha kidole kwenye namba ambazo Baba aliwapangia wagombea. Uso haukubadilika. Kisha akaichana vipande vinne, akavitia kwenye taka.

“Tumechagua sawa?” Baba akauliza.

“Kunywa chai.”

“Mama watoto, nauliza tu.”

“Nami nimekusikia.”

Akatoa ile kalamu ya buluu mkobani, akaifunga kifuniko chake, akaisogeza mezani. Haikufika kwa Baba. Aliiacha katikati.