Kichwa cha Kujifunzia

Ipo siku moja siisahau, mwanangu, maana kila asubuhi nikijifunga leso kichwani hunirudia. Ni siku niliyokalishwa mbele ya kamera pale Malindi, nywele zimevutwa nyuma mpaka nyusi zimepanda, nikaambiwa nitabasamu. Nikatabasamu. Ndiyo hiyo picha mliyoitoa sandukuni mwangu wiki iliyopita mkaipitisha mkono kwa mkono, mkisema bibi alikuwa mzuri, tazama nywele zilivyolala. Sikusema neno. Leo nasema, na wewe unayejifunza kutengeneza nywele ili upige watu picha, ndiwe ninayekuambia kwanza.

Nilitoka Marafa nikiwa bado sijavunja ungo. Baba yangu alikuwa amefariki, na shangazi yangu wa Malindi akaomba nikakae kwake. Ilisemwa nitamsaidia kazi za nyumbani, naye atanipeleka shule. Kazi niliziona. Shule nilikuwa nikiipita nikienda kuchota maji. Simlaumu sana shangazi, alikuwa na yake mengi. Lakini mtoto anayelala kwa watu hujifunza upesi wakati wa kunyamaza, na hilo mimi nililijua vizuri kuliko kusoma.

Shangazi alikuwa na binti, Kache, mkubwa kwangu. Hakuwa msusi. Alimsaidia mamake kukaanga mihogo ya kuuza, basi. Ila alipenda picha kama wengine wapendavyo ngoma. Karibu na soko palikuwa na studio ya chumba kimoja, na mpiga picha wake, bwana mmoja mpole wa maneno, alikuwa na shida: wanawake walikuja na nguo nzuri na nywele zilizokwisha vurugika, maana jasho na upepo wa pwani haviachi kitu. Akamwambia Kache akijua kuzitengeneza, atamweka pale awaandae wateja. Akamwambia pia kwamba nywele zikibanwa kwa nguvu paji la uso hung'aa, macho huvutika, picha hupendeza. Nyuma asihangaike napo. Kamera haioni nyuma.

Kache akahitaji kichwa cha kujifunzia. Chake hakukigusa, alikuwa na nywele ndefu na alizionea fahari. Cha mamake hakukithubutu. Changu kilikuwa pale jikoni, kimeinamia sufuria.

Kila alipopata nafasi aliniita. Ananikalisha chini katikati ya magoti yake, anachomoa chanuo la moto kwenye makaa, analipitisha, anapaka mafuta, kisha anavuta. Anafunga kwa uzi mweusi, anatazama, haridhiki, anafumua, anavuta tena. Masikio yaliungua mpaka nikazoea kuyakunja kwa vidole bila kuambiwa. Nililala kifudifudi, uso kwenye mkeka, kwa kuwa kila upande uliuma. Nikilia hakunipiga. Kache hakuwa mtu wa kupiga. Alisema tu, "Tulia Dama, unanitikisa mkono," kana kwamba kichwa kile kilikuwa cha mtu mwingine na mimi ndiye niliyekuja kusumbua.

Na alijifunza, sitamnyima haki yake. Picha yangu ilipotoka, mpiga picha aliiweka kwenye kioo cha mbele, na wanawake wakawa wanasimama wanaonyesha kwa kidole: nataka niwe kama yule. Kache akaanza kushinda studio. Watu wakamwita fundi. Jina langu mimi hakuna aliyeliuliza.

Kisha vikaanza vipele vyenye usaha, vimejipanga kando ya paji la uso. Halafu nikawa nikichana, chanuo linarudi na nywele pamoja na mizizi yake. Panja zote mbili zikabaki laini kama kiganja. Nikamwonyesha Kache. Akakigeuza kichwa changu kwenye mwanga, akakitazama kama unavyotazama sufuria iliyotoboka, akasema, "Hiki kimekwisha. Si una mdogo wako kule Marafa?"

Mdogo wangu, Sidi. Mtoto mwenye nywele nzito, anayecheka ovyo.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo kwa mara ya kwanza, wala si kwa Kache. Nilimtafuta mwanamke wa kwetu aliyekuja sokoni, nikamtuma kwa hawe. Ndivyo tunavyomwita bibi sisi Wagiriama. Hawe akaja na mihogo yake kichwani, akaitua mlangoni, hakukaa. Shangazi akamletea maji ya kunywa, hakuyapokea, na mkiona mgeni hapokei maji mjue mambo yameharibika. Akanifungua leso. Akapitisha kidole gumba pale palipokuwa na nywele, kushoto, kisha kulia. Kache alikuwa amesimama karibu, amevaa kwenda studio.

Hawe akamwuliza ni nani aliyemruhusu. Kache akajitetea kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nakubali, hata mara moja sikukataa.

"Angekataa, angelala wapi?" hawe akasema.

Shangazi akatazama chini.

"Kichwa cha mamako ulikiogopa," hawe akaendelea, wala hakupaza sauti. "Chako ulikihurumia. Basi ulijua kinauma. Usiniambie hukujua."

Akanichukua siku ile ile. Sidi hakukanyaga nyumba ile. Lakini nywele zangu hazikurudi. Hawe alinipaka mafuta ya nyonyo, akanichemshia majani aliyoyajua yeye, wapi. Niliolewa nimejifunga leso mpaka kwenye nyusi, na marehemu babu yenu alikaa muda mrefu kabla sijamruhusu anione kichwa wazi. Kache tulikutana naye matangani miaka na miaka. Tuliamkiana, tukaulizana hali za watoto, akanisifia leso zangu. Radhi hakuniomba. Amekufa nikingali nangoja, na msidhani nimesamehe kwa kuwa naongea taratibu.

Sasa wewe, Mbeyu, mjukuu wangu. Una kamera, una taa yako ya duara, na kusuka unajifunza kwenye simu. Sikukatazi. Kazi ya mikono ni kazi, na picha zako nimeziona, si mbaya. Lakini juzi nilipita ukumbini nikamkuta Neema, yule mtoto wa Junju tuliyeletewa alipofiwa na mamake, amekaa mbele ya taa. Picha yangu umeiegemeza ukutani uifuatishe. Umemvuta mpaka nyusi zimepanda. Nikamwuliza kama anaumia. Akanijibu haumii, bibi, na machozi yamejaa macho. Jibu hilo nalijua. Nimelitoa mimi mara nyingi.

Nikakuuliza kwa nini umemchagua yeye, na binamu zako wamejaa nyumba nzima. Ukasema, "Wale wana kelele, bibi. Neema hasumbui, anakaa tu."

Hukuwa na ubaya moyoni, niliona. Kache pia hakuwa nao. Ndiyo maana nasema.

Ukitaka kujifunza kuvuta, vuta chako kwanza. Ulale nacho, uamke nacho, ndipo utajua mkono wako una uzito gani. Kisha nenda kwa rafiki anayeweza kukuambia toka hapa, usinishike. Mtu anayekula kwako na kulala kwako usimjaribie ufundi wako, maana ndiyo yake si ndiyo, ni woga umevaa adabu. Ukiona kipele kimoja, acha. Picha ikidai paji liwe wazi, funga kwa ulegevu, mweke mtu kivulini jasho likauke, mgeuze kidogo, utapata unachotaka bila kumng'oa. Na mtazame nyuma pia, kwa kuwa akishatoka mbele ya kamera anarudi kwao na kichwa kizima. Siwaambii wanaokalishwa waseme. Najua kwa nini hawasemi. Nawaambia ninyi mnaoshika chanuo muulize, na mkijibiwa upesi sana, muulize tena.

Mungu akujalie mkono mwepesi, Mbeyu. Watu wakuamini, na kila kichwa utakachokishika kiinuke na heri. Ila kwanza mfumue Neema, zote, polepole, umpake mafuta, umwombe radhi ukimtaja jina lake. Tangu juzi unanipa shikamoo nami siitikii, nawe umemwuliza mamako bibi ana nini. Marahaba yako ipo. Maliza na mtoto, ndipo uje uichukue.