Chagua Mawe Kabla ya Kusaga

Nakumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, Mama Atieno alipoingia studio yangu pale mtaa wa Jericho, Nairobi, leso mkononi. Bintiye alikuwa mochari. Jumamosi wangemzika kwao, magharibi mwa nchi, na sauti yake iliyosalia duniani ilikuwa wimbo mmoja aliourekodi kwangu, ambao sikuwa nimeumiksi, yaani kuusawazisha sauti zake.

"Nataka nimsikie mara ya mwisho kabla udongo haujamfunika," akaniambia. "Nitengenezee, baba."

Nilikuwa kijana wa sifa nyingi. Studio ilipakana na mashine ya kusaga unga, na mngurumo wake ulikuwa umeingia kwenye rekodi, chini kabisa. Niliusikia nikaupuuza. Atieno naye alianza kwa sauti ya chini, akapanda taratibu. Hata kanisani aliimba hivyo. Mimi nilitaka yote iwe kubwa, kama nyimbo za redioni. Nikaweka kompresa, kile chombo cha kubana: sauti iliyopaa inashushwa, kisha zote zinainuliwa pamoja. Nikabana haswa. Ikwalaiza, ile ya kupunguza au kuongeza sauti nene na nyembamba, ambayo ingeukata ule mngurumo, nikasema ni ya baadaye.

Kumbe kompresa haichagui, wewe. Inabana chochote kilicho kikubwa. Mashine iliponguruma, sauti ya marehemu ilididimia. Alipopumua, mashine ikainuka. Nilipoikumbuka ikwalaiza, nikakata sauti za chini ovyo hadi uzito wa kifua katika sauti yake ukaisha. Kuanza upya niliona uvivu. "Iko fiti, mathe," nikamwambia, nikampa flashi bila kumsikilizisha.

Niliwafuata mazishini. Wimbo ulipopigwa kando ya kaburi, Mama Atieno akainua kichwa, akaitazama spika, kisha akanitazama mimi. Hakulia. Watu wakasema mama huyu ana moyo. Sanduku likashushwa.

Niliporudi Nairobi nilianza upya, na aibu imenijaa. Nikakata mngurumo kwanza kwa ikwalaiza, nikaweka kompresa kidogo tu ya kumshika Atieno anapopanda, kisha ikwalaiza tena, kumrudishia lile joto la kifua. Nikampelekea mamake nyumbani, nyuma ya soko. Alisikiliza akiwa ameketi kwenye kitanda cha bintiye. Atieno akaanza polepole, akavuta pumzi, akapanda.

"Huyu ndiye," mama akasema. "Yule mliyenipigia kaburini sikumjua. Nimemzika mtoto wangu nikisikiliza mgeni."

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ameshaota mvi.

Basi, mwanangu, wewe unayekaa sasa kwenye kiti changu, mahindi huchaguliwa mawe kabla ya kupelekwa mashine. Ukisaga na mawe yake, hakuna chekeche litakalokusaidia. Sikiliza kwanza. Kata kinachokera, ndipo ubane, tena kwa kiasi, halafu sikiliza ulichompunguzia mwenye sauti umrudishie. Vyombo hivi viwili hufanya kazi pamoja. Ukikituma kimoja peke yake kitakuaibisha. Na usiseme iko fiti kabla mwenyewe hajasikia. Maji yakimwagika hayazoleki, na kaburi halifukuliwi kwa sababu ya wimbo.

Mungu akupe masikio yenye subira na mkono usio na pupa. Na mama wa mtu akija kwako na leso mkononi, Mungu akujalie aondoke akiwa amemsikia mwanawe.