Shikamoo, Kiti

Binti huyu alikuwa fundi wa meno bandia. Kutwa alishinda na nta, plasta na seti za meno zilizotabasamu mezani bila wenyewe. Kazini alikuwa moto wa kuotea mbali: mteja akilalamika kwamba meno yanambana, alimtazama machoni na kumwambia ayazoee kwanza, aache kudeka. Akifika nyumbani, aliacha viatu mlangoni, na ulimi pia. Wazazi wake walihamia nchi hii akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na ndani mwao mambo yaliendelea vilevile kama walivyotoka nayo kwao. Mtoto hamwambii baba yake, kwa mdomo wake, kwamba anataka kuhama, hata kama mtoto mwenyewe ameshaanza kuota mvi.

Basi akawa anameza maneno. Usingizini akawa anasaga meno, mpaka daktari wa meno aliyemwajiri alipomchungulia mdomoni akamwambia magego yake yamelika kama ya bibi kizee, na kwamba ugonjwa wenyewe si wa meno. Akamwelekeza kwa mshauri wa saikolojia.

Mshauri alikuwa mama mpole, mzaliwa wa hapohapo. Alimsikiliza vizuri, kisha akavuta kiti kitupu na kumwomba afikirie kwamba baba yake amekikalia, amwambie yaliyo moyoni.

Binti akasimama.

"Shikamoo, baba."

Akatulia kidogo, ili kiti kipate nafasi ya kuitikia. Akakiuliza hali ya goti. Akauliza kama kimekula, kama dawa ya presha imepatikana, na kama mama hajambo. Mshauri alidhani huo ni utangulizi tu. Muda wao ukaisha binti amerudi tena kwenye goti.

"Unamwogopa?" mshauri akamuuliza.

"Hapana. Ila kwetu jambo kama hili haliendi kwa baba moja kwa moja. Linapitia kwa shangazi."

Mwingine angemng'ang'aniza na kile kiti mpaka leo. Huyu alifikiri kidogo, akasema basi shangazi naye aje.

Shangazi akaja na mkoba mkubwa, akakagua chumba kwa macho, akaketi palepale kwenye kiti cha kaka yake. Binti akainamisha uso, akamwomba ampelekee baba maneno: anataka kupanga nyumba yake, na si kwamba amewachoka.

Shangazi akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Baba yako alinituma nikuulize utahama lini. Anakitaka chumba chako aweke cherehani yake. Anaogopa utadhani anakufukuza."

"Alikutuma lini?"

"Mwaka juzi. Nilikuwa natafuta wakati mzuri."

Binti akacheka, akalia, akacheka tena. Mshauri naye alishindwa kujizuia.

Binti alihamia mtaa wa pili. Aliendelea kwenda kwa mshauri, na polepole akaacha kuona kwamba kati ya yule mkali wa kazini na yule mpole wa kwa baba, lazima mmoja awe mwongo.

Shangazi naye aliomba miadi yake mwenyewe. Alisema maneno ya watu ameyabeba miaka mingi, na mengine hakuyafikisha.