Kaka yangu ameombewa apone tuzo ya gofu

Leo kanisa letu hapa Mukuyuni limemwombea kaka yangu apone ugonjwa wa kushinda.

Sijakosea kuandika.

Mutua hucheza gofu ya kulipwa. Msimu umeisha juzi, wakampa tuzo ya mchezaji mwenye wastani wa chini kabisa wa mikwaju. Kwa gofu, anayepiga mpira mara chache ndiye mkali. Yaani amewanyorosha wanaume wote.

Na nani alimshauri apeleke kikombe kanisani kwa shukrani? Mimi. Asanteni, najua nina akili nyingi.

Pasta akakishika, akatutafsiria maandishi: "Wastani wa mikwaju... wa chini kabisa."

Akakipindua, labda habari njema iko chini.

"Woi!" kanisa likalia.

Kina mama wakamzunguka Mutua, wakamwekea mikono. Mmoja, aliyemfundisha hesabu darasa la sita, akamshika shavu: "Mwanangu, hata kwangu ulikuwa unaburuta mkia. Usijali."

Nikainua mkono nieleze. Shemasi akaja mbio, akidhani nataka kuokoka.

Pasta naye alikuwa ameshapanda moto: "Baba, msimu ujao umzidishie mikwaju! Izidi mara saba! Mara sabini!"

"AMINA!"

Kanisa lote, na Mama yetu ndiye aliyepaza sauti kushinda wote. Mutua peke yake ndiye ambaye hakusema Amina. Alikuwa anatoka jasho.

Sasa nyinyi watu wa kiroho mlio hapa, niambieni: ombi kama hilo linafutwa aje kabla halijafika?